Hesabu ya Shilingi 8,000: Uchambuzi wa Ajali Moja ya Bodaboda Dodoma

Pikipiki iliyoanguka ilikuwa yangu. Nalitaja hili mapema kwa sababu kisa cha ajali ya bodaboda, kinaposimuliwa, huwa na watu wanne: dereva, abiria, mwenye gari na trafiki. Mwenye pikipiki hatajwi. Anaonekana siku ya kukomboa chombo chake kituoni, anasikitika kidogo, anatafuta fundi, na wiki inayofuata anatafuta kijana mwingine wa kumpa mkataba. Mimi nilikuwa njiani kufanya hivyohivyo, mpaka nilipoamua kwenda kuangalia pale mahali.

Ilikuwa wiki ya tatu ya Septemba 2024, saa 12 na dakika 10 jioni, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam, kati ya Ihumwa na Nanenane. Dereva wangu, kijana wa miaka 24, alikuwa anarudi mjini kutoka Mji wa Serikali Mtumba. Amempakia dada mmoja, mtumishi, aliyechelewa kutoka kazini. Magari yalikuwa yanakwenda taratibu, foleni imeanza kujivuta. Kijana akatoka kwenye njia, akaingia kwenye bega la barabara upande wa kushoto, akawa anayapita magari kwa ndani. Anayetumia barabara ile jioni ameliona hilo mara mia. Wengi wetu tumepandishwa hivyo na hatukusema neno, maana tulikuwa tunawahi.

Mbele yake gari dogo jeupe likakata kushoto kuingia barabara ya vumbi inayokwenda mtaani. Kijana akakanyaga breki ya mguu. Tairi la nyuma likaburuza, kisha pikipiki ikafika kwenye mchanga uliotapakaa kwenye mdomo wa ile barabara ya vumbi. Ikalala ubavu, ikateleza na watu wake hadi kwenye tairi la nyuma la gari.

Kijana alivunjika mfupa wa muundi, mguu wa kushoto, na ekzosi ikamuunguza shavu la mguu. Helmeti ilimtoka kichwani kabla hajatulia chini. Dada alivunjika mtulinga na akapoteza fahamu kwa dakika kadhaa. Helmeti yake yeye alikuwa ameipakata. Wote wawili wako hai.

Mwenye gari alisema, "Niliwasha indiketa." Kijana alisema, "Sikuiona." Mama anayeuza mahindi ya kuchoma pale kona alisema indiketa iliwaka gari likiwa tayari limeshaanza kukata. Na watu waliokusanyika walisema kile ambacho huwa wanasema: mwendokasi na uzembe wa bodaboda.

Kuhusu mwendokasi

Asubuhi yake nilikwenda na futi ya fundi seremala. Alama ya tairi la nyuma kwenye lami ilikuwa na urefu wa mita 6. Baada yake ikafuata mikwaruzo ya chuma, ile sehemu ya kukanyagia na ncha ya usukani, mita 9, hadi pale vioo vya taa vilipokuwa vimemwagika. Nikairudia fizikia ya kidato cha tatu: tairi la nyuma peke yake linapunguza mwendo kiasi gani, chuma kikiburuzika kwenye lami yenye mchanga kinapunguza kiasi gani, na rimu iliyopinda vile imegonga kwa mwendo gani. Kwa makadirio, kabla hajashika breki alikuwa kwenye kilomita 40 mpaka 50 kwa saa. Si ushahidi wa kupeleka mahakamani, lakini unatosha kuniambia kwamba hakuwa anapaa.

Tuseme 45. Kwa mwendo huo pikipiki inakula mita 12.5 kila sekunde. Sekunde ya kwanza mtu anaitumia kuona, kuelewa na kushika breki. Baada ya hapo, kwenye lami kavu na safi, akitumia breki zote mbili vizuri, anahitaji kama mita 11 kusimama. Jumla mita 24. Akitumia ya nyuma tu anahitaji karibu mara mbili ya zile 11, na jumla inafika mita 35.

Kijana alikuwa na kama mita 27.

Nilizikodolea macho hizo namba kwa muda. Kwa breki mbili, kwenye lami isiyo na mchanga, angesimama na mita 3 za kubaki. Angemtukana mwenye gari, mwenye gari angemtukana yeye, dada angefika nyumbani na hadithi ya kusimulia. Kilomita 45 kwa saa ni chini ya 50 inayoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi. Kwenye bega la barabara, pembeni ya foleni inayotambaa, jua usoni na mchanga chini, ilikuwa nyingi mno. Vyote viwili ni kweli, na neno "mwendokasi" linakifunika cha pili kwa kudai cha kwanza si kweli.

Kuhusu kupita kushoto sitamtetea. Bega si njia ya kupita, na mwenye gari anayekata kushoto hategemei kukuta mtu hapo. Lakini angetazama saitimira angemwona.

Jua la Mtumba

Hapa kuna jambo ambalo sijawahi kulisikia kwenye semina yoyote ya usalama barabarani, na kila dereva wa Dodoma analijua kwa macho yake. Mtumba iko mashariki ya mji. Anayekwenda kazini asubuhi anatazamana na jua linalochomoza, na anayerudi jioni anatazamana nalo likizama. Barabara ni moja, watu ni walewale, na mara zote mbili jua liko usoni. Septemba, karibu na ule wakati ambapo usiku na mchana vinalingana, linazama magharibi kabisa, likiwa limekaa juu ya lami kama taa ya semi iliyogoma kupunguza mwanga. Ongeza vumbi la kiangazi chetu, lile la upepo wa Dodoma ambao mgeni anadhani ni mvua inakuja.

Niliichukua helmeti ya kijana, nikaivaa, nikasimama palepale saa 12 na dakika 10. Kioo chake kilikuwa kimechunika kwa miezi ya kufutwa vumbi kwa kiganja na kwa pindo la shati. Ukitazama kivuli unaona vizuri tu. Ukitazama jua, kila mchubuko unawaka peke yake, na mbele yako linasimama pazia jeupe. Gari likapita, sikuweza kusema kama indiketa yake inawaka ama la. Nikakifungua kioo, vumbi likaingia machoni. Kwa hiyo kijana aliposema hakuiona, namwamini, na namwamini mwenye gari pia.

Zamani kidogo jambo hili lisingekuwa na uzito. Bodaboda wa Dodoma alikuwa mtu wa safari fupi: Majengo hadi Sabasaba, Area C hadi hospitali, Jamatini hadi Chang'ombe. Kisha mwaka 2016 serikali ikatangaza inahamia, Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, wizara zikajengwa Mtumba, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya mji. Safari ikarefuka, chombo kikabaki kilekile. Pikipiki ya cc 125 yenye breki ya ngoma mbele, helmeti ya sokoni, mazoea ya vichochoroni, na sasa iko barabara kuu pamoja na malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo.

Breki ya mbele

Fundi alipoifungua pikipiki aliniita. "Njoo uone, mzee." Akaubana mkono wa breki ya mbele. Ulikwenda mpaka ukagusa usukani, hakuna kilichotokea. Waya ulikuwa umelegea na breki shuu zimekwisha hadi kwenye chuma.

Nilidhani nimempata mkosaji. Lakini fundi akanicheka kidogo, akanionyesha pikipiki nyingine tatu zilizokuwa zinasubiri. Mbili zilikuwa hivyohivyo. Vijana wengi wamefundishana kijiweni kwamba breki ya mbele inakurusha juu ya usukani, kwa hiyo hawaigusi, na kitu kisichoguswa hakitengenezwi. Hofu yao ina chanzo: ukiibana ghafla kwenye mchanga unaanguka kweli, na barabara nyingi walizojifunzia ni za mchanga. Ila kwenye lami, ukishika breki uzito wote unahamia mbele. Tairi la nyuma linakuwa jepesi, linaburuza na kupiga kelele bila kukusimamisha. Breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi, mradi ibanwe kwa kuongeza taratibu na tairi likiwa limenyooka.

Jozi ya breki shuu pale kwa fundi ilikuwa shilingi 6,000. Nilimuuliza kijana hospitalini kwa nini hakubadilisha. Akanitazama, akatazama dari, akasema, "Bosi, matengenezo si juu yangu?"

Ilikuwa juu yake. Niliandika mwenyewe kwenye mkataba.

Helmeti mbili

Ya dereva ilikuwa na kufuli lililovunjika. Alikuwa anaifunga kwa fundo la kamba ya kiatu, na siku ile hakuifunga, aliivaa tu. Kijiweni wanaiita "elementi", na kuna kijana aliniambia bila aibu kwamba ile ni kofia ya trafiki: inavaliwa kwa ajili ya trafiki. Faini ya makosa ya bodaboda na bajaji ilishushwa mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na nilikuwa mmoja wa walioshangilia, kwa sababu zile 30,000 zilikuwa zinachelewesha hesabu yangu, ile fedha anayoniletea dereva kila siku. Bado naona ilikuwa sahihi kushusha. Ila faini kubwa ama ndogo haifungi mkanda wa kidevuni. Trafiki akiwa mita 50 anaona kichwa kimevikwa, na hilo linamtosha.

Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2008 yaliona kwamba helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Namba hizo ni za helmeti iliyobaki kichwani. Kugonga kitu kigumu kwa kilomita 45 kwa saa ni sawa na kudondoka kutoka urefu wa mita 8, yaani juu ya paa la nyumba ya ghorofa moja. Kijana alianguka na kofia yake ikatangulia njia nyingine. Aliponea kwa sababu alifika chini kwa bega.

Ya abiria ilikuwa nzima. Nilipomtembelea yule dada kumpa pole, baada ya maneno ya heshima nikamuuliza.

"Kaka, ilikuwa inanuka jasho," alisema. "Na nilikuwa nimesuka siku ileile."

Hakuna kampeni itakayoshinda sentensi hiyo kwa kumhubiria. Mtu amelipia nywele, umati umepokezana kofia moja tangu asubuhi, ndani sponji limekuwa jeusi. Yeye anaipakata kwa adabu ili dereva asikamatwe. Kigali abiria wa pikipiki wanavaa, dereva anavaa, na imekuwa kawaida. Hapa kwetu kitambaa cha pamba cha kutanguliza kichwani, chake mwenyewe, kukunjwa na kutiwa kwenye pochi, kingeondoa nusu ya ubishi. Nusu nyingine ingeondoka kama helmeti ya abiria ingekuwa inafuliwa sponji. Na ya nani kazi hiyo? Kwenye mkataba wangu haikuwa ya mtu.

Meseji

Nije kwenye daftari.

Mkataba wetu ulianza Februari 2024. Hesabu ya shilingi 8,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 75. Jumla shilingi 3,600,000, baada ya hapo pikipiki inakuwa yake. Hayo ni masharti ya kawaida Dodoma, na nilijiona mtu mwema kwa sababu ya siku ya saba. Jumapili niliiacha ni ya dereva. Mafuta, matengenezo na faini ni juu yake. Siku isiyolipwa inahamia kesho.

Hesabu alikuwa ananitumia kwa simu kila jioni. Simu yangu haifuti meseji. Usiku mmoja, wiki moja baada ya ajali, nilikaa nikazipitia zote, na sikuwa natafuta fedha, nilikuwa natazama saa zilizoingia. Februari hadi Julai zilikuwa zinaingia kati ya saa 1 na saa 2 usiku. Kuanzia Agosti zikaanza kusogea. Saa 3. Saa 4 na robo. Saa 5. Mara mbili zilivuka saa 6 usiku, mimi nimeshalala, asubuhi naiona fedha, nafurahi.

Kilichotokea Agosti ni treni. SGR, reli mpya ya umeme kutoka Dar es Salaam, ilianza kufika Dodoma mwishoni mwa Julai 2024, ikazinduliwa Agosti mosi, na ghafla mji ukawa na abiria wa usiku wenye mabegi, wasiojua njia, wasiobishana bei. Mmoja anaweza kukupa 5,000 mpaka 7,000, fedha ambayo mchana unaitafuta kwa safari nne. Vijana wote walihamia huko baada ya jua kuzama, na saa 11 alfajiri wakawa wanarudi kuwapeleka wanaosafiri. Katikati hapo ndipo wanalala.

Hospitalini kijana alinipigia mahesabu ya siku yake kwa vidole, mguu ukiwa umening'inizwa. Siku ya wastani anaingiza kama 26,000. Mafuta 8,000. Mimi 8,000. Chakula na maji ya kijiweni 3,000. Mchango wa kijiwe na vidogovidogo 1,000. Zinabaki 6,000, na humo kuna kodi ya chumba, mke, mtoto, oili, na breki shuu za 6,000. Anaanza siku akiwa na deni la 16,000 kabla hajapata yake ya kwanza, na kwa kawaida yake ya kwanza inaingia baada ya saa 9 mchana. Yale masaa yenye abiria wa asubuhi, macho yakiwa mapya, ni ya mafuta na ya bosi. Yake mwenyewe ni yale ya jioni, amechoka, jua liko usoni.

Na Jumapili? Jumapili haina hesabu, kwa hiyo ndiyo siku pekee ambayo karibu kila shilingi ni yake. Nilidhani nimempa siku ya kupumzika, kumbe nimempa siku ambayo hawezi kumudu kupumzika. Tangu Februari hajawahi kulala nyumbani siku nzima isipokuwa mara moja, alipougua homa mwanzoni mwa Septemba. Alikosa siku 3. Zikawa deni la 24,000.

Siku ya ajali, saa 1 na dakika 12 asubuhi, kuna meseji yangu: "Dogo vipi, wiki hii tukae sawa. 24,000." Jibu lake liliingia baada ya dakika moja: "Sawa bosi leo nafunga."

Alikuwa barabarani tangu saa 10 alfajiri. Alilala saa 6 usiku. Saa 12 jioni alipokuwa anayapita magari kwa ndani ya bega, safari ya Mtumba ilikuwa imempa 6,000 na alikuwa anawahi stesheni kabla treni ya jioni haijashusha. Ile sekunde moja niliyompa hapo juu, ya kuona na kuelewa na kushika breki, nimempa kwa ukarimu. Mtu aliyelala masaa manne tu kila usiku kwa wiki kadhaa anaweza kuihitaji sekunde na nusu. Nusu hiyo ni mita 6 nyingine.

Sisemi kwamba mimi ndiye niliyemwangusha. Alichagua kupita kushoto, na wako vijana wenye hesabu ngumu kuliko hiyo wanaosubiri foleni. Ninachosema ni kwamba nikifuata kila kitu kilichoharibika siku ile, breki, kioo, kufuli la helmeti, usingizi, haraka, kila kimoja kinarudi kwenye karatasi niliyoandika mimi na kusainiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiwe.

Baada ya kuanguka

Hili nitalipita haraka kwa kuwa halina jipya. Walinyanyuliwa mikono na miguu, mguu uliovunjika ukining'inia, wakawekwa kwenye bajaji. Hakuna aliyefunga ubao ama hata kanga kuushika mguu. Watu walikuwa na roho nzuri na haraka nyingi. Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa 114, hakuna aliyekumbuka. Hospitali ilianza kutibu, PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ikafuata asubuhi.

Bima ilikuwa imekwisha siku 11 kabla. Ilikuwa kazi yangu kuilipa na nilisahau. Ingekuwa hai, ile ya mtu wa tatu, yule dada angekuwa na mahali pa kudai. Dereva hata hivyo asingepata kitu, kwa sababu bima ya mtu wa tatu haimlipi dereva mwenye kosa, na vijana wengi hawalijui hilo mpaka siku wanapolihitaji. Nililipa mfukoni zaidi ya milioni 1.3 kwa wote wawili. Pikipiki ikala 310,000.

Na mchanga? Niliulizia. Barabara kuu ina mwenyewe na barabara ya mtaa ina mwenyewe, lakini mchanga unaohama kutoka hii kwenda ile kwenye matairi ya magari hauna mwenyewe. Mama wa mahindi ameufagia upande wake wa kona, kwa ajili ya wateja.

Karatasi mpya

Kijana alirudi Machi 2025, anachechemea kidogo asubuhi za baridi. Tulikaa kijiweni na mwenyekiti, mzee wa miaka 50 hivi anayesikilizwa kuliko diwani, tukafungua mkataba upya. Alikuwa ameshalipa shilingi 1,464,000. Zimebaki 2,136,000. Nikasema hesabu iwe 7,000. Badala ya kumaliza kwa wiki 45 atamaliza kwa wiki 51. Fedha yangu ni ileile, nimeongeza wiki 6 za kusubiri. Nilikuwa nimejiandaa kujisifu kwa kujitoa, lakini mwenyekiti aliipiga hesabu hiyo kichwani haraka kuliko mimi, akacheka: "Kwa hiyo hujatoa kitu, mheshimiwa."

Breki, matairi na helmeti zikahamia kwangu. Nimenunua helmeti mbili, 55,000 kila moja, zenye sponji linalotoka, na kioo cha akiba, kwa sababu kioo kinachunika hata ukikipenda vipi. Siku ya kuugua haiwi deni, akileta karatasi ya hospitali. Mwenyekiti aliongeza sharti lake, kwamba kila mwezi pikipiki ipelekwe kwa fundi yuleyule na mimi niwepo, ili nisije nikasema sikujua. Niliona ananikomoa. Sasa naona alikuwa na akili.

Asubuhi mbili alikwenda kwenye uwanja mtupu nje ya mji kujifunza breki ya mbele. Mara ya kwanza aliishika kama mtu anayeshika nyoka. Tulichora mstari kwa chokaa, akawa anaanza kushika breki hapo kwenye kilomita 30, nyuma peke yake, kisha zote mbili. Tulipopima tofauti kwa hatua alinyamaza. Siku ya pili aliwaleta wenzake watatu, na mmoja wao ilibidi apelekwe kwa fundi kwanza, kwa sababu mkono wake wa breki uligusa usukani.

Lile la Jumapili limenishinda. Nilipendekeza nimlipe kidogo apumzike, akakataa kwa heshima, akasema mwanaume halipwi kulala. La saa za usiku tuliliandika: mwisho saa 2. Aliliafiki bila ubishi.

Wiki 3 za kwanza meseji ziliingia saa 12:50, saa 1:15, saa 1 kasoro. Wiki ya nne, Jumatano, iliingia saa 4:40 usiku. 7,000 kamili. Nikampigia.

"Treni imechelewa leo, bosi," alisema. Nyuma yake niliwasikia vijana wakigombania abiria wenye mabegi. "Huyu wa mwisho. Anakwenda Iyumbu, halafu nalala."

Nilimuuliza kama abiria amefunga mkanda wa helmeti. Akasema subiri, akaondoa simu sikioni, na nikasikia sauti ya mwanamke ikiuliza kama hiyo kofia ni safi.